Oili ya Shemeji

Shemeji aliingia Jumapili mchana na kopo chini ya kwapa, limezungushiwa gazeti kama nyama iliyotoka buchani. Hakusema ni nini. Alisalimia kwanza, akawarusha pacha juu mmoja baada ya mwingine, akamkabidhi dada yake mfuko wa mashati meupe ya kupigwa pasi, kisha akakaa kwenye kiti anachokalia siku zote, kile ambacho miguu yake yote minne inagusa sakafu. Ndipo akalifunua gazeti. Kopo la rangi ya dhahabu likatokea, na chumba kikawa kama kimewashiwa taa ya pili.

"Hii," akasema, "ndiyo oili ambayo gari la mzee linakunywa. Ilibaki. Nikajiambia, mzee ana magari, shemeji yangu ana nini?"

"Nina pikipiki," akajibu mume wa dada yake. Huyu kijiweni walimwita Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza chombo, hata mvua ikimfukuza.

"Una pikipiki inayokohoa. Tangu nje ya geti naisikia."

Mama Pacha alicheka huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. Alikuwa anamalizia sare za shule za watoto wa jirani. Jumapili hizi alizipenda. Kaka yake ndiye aliyemlea baada ya wazazi kuondoka, ndiye aliyemlipia ada, na pikipiki ilipopungukiwa siku ya kununuliwa, yeye ndiye aliyetoa kilichopungua na hakukitaja tena. Mtaa mzima walimwita Bosi Mdogo, kwa kuwa alimwendesha bosi mkubwa na kiatu chake kilikuwa hakijui vumbi.

Dirishani palikuwa na chupa ya kijivu yenye kifuniko chekundu. Taratibu aliinunua jana yake, oili ya pikipiki, ile ile anayotumia miaka yote. Alikuwa amepanga kuibadilisha mchana huo, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku kubwa. Bosi Mdogo aliitazama ile chupa, akainyanyua kwa vidole viwili.

"Na hii nayo? Dawa ya minyoo?"

"Ndiyo oili yangu, shemeji."

"Shemeji, kesho unaanza majaribio ya kazi ya maana, halafu unailisha pikipiki uji usio na sukari?"

Taratibu alilichukua kopo, akaligeuza. Mbele palichorwa gari refu linalong'aa. Nyuma palikuwa na maandishi madogo mengi, na hakuna mahali palipochorwa pikipiki. Kitu kilimgusa hapo, kidogo tu, kama mtu anayekugusa bega sokoni na ukigeuka humwoni. Alifungua mdomo aulize, akakutana na macho ya mke wake juu ya cherehani. Macho yale hayakuamrisha. Yaliomba.

"Ahsante sana, shemeji," akasema. "Leo pikipiki italala kitajiri."

Wakatoka uani. Taratibu alimwaga oili ya zamani, akaimimina ile ya dhahabu, nyepesi, safi, ikishuka bila sauti. Bosi Mdogo alisimama pembeni, mikono mfukoni, akitazama kama baba anayetazama mtoto akila. Chupa ya kijivu Mama Pacha aliipandisha juu ya kabati, na kopo tupu akalisafisha na kulipanga dirishani, akatia humo mikasi na rula yake.

*

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Zahanati ya mtaani haikuwa na maabara ya kutosha, hivyo kila asubuhi ilituma sampuli za damu hospitalini, juu kilimani. Zilikaa kwenye kisanduku cha barafu, na ilibidi zifike kabla dirisha la kupokelea halijafungwa. Msafirishaji wa zamani alikuwa amehama. Sista mkuu wa zahanati akamwita Taratibu, akampa wiki moja ya majaribio.

"Nimeulizia kijiweni mtu asiyekimbia," alimwambia. "Wote wakakutaja wewe, tena wakicheka. Mimi sikucheka. Chupa hizi zikitikiswa ovyo zinaharibika."

"Nitazibeba kama mayai, Sista."

"Mayai yakivunjika unanunua mengine. Humu ndani kuna mtoto ambaye mama yake ametembea tangu alfajiri kuja kutolewa damu. Sampuli ikichelewa, ikaharibika, namwambiaje? Rudi kesho, tumchome tena? Kwa hiyo beba, na ufike."

Kwa nyumba ile, kazi hii ilikuwa na maana ambayo mtu mwenye ajira huisahau haraka. Kijiweni Taratibu alirudi na alichopata, na alichopata hakikuwa na desturi. Kuna siku mfuko unajaa, kuna siku anarudi na harufu ya jua tu. Mama Pacha hakuwa akiota utajiri. Aliota tarehe. Alitaka mwezi wenye siku moja inayojulikana, siku ambayo angeweza kumwambia mwenye nyumba au mwalimu mkuu, "Tarehe fulani nakuja," na kweli akaenda.

Jumatatu mambo yalikwenda vizuri. Jumanne pia. Jumatano, kwenye kona ya kwanza ya kilima, Taratibu aliongeza moto na injini ikapaza sauti, lakini pikipiki haikuongeza mwendo. Ikawa kama mtu anayeitikia "nakuja" huku bado amelala. Akarudisha gia. Ikashika, ikaachia, ikashika tena. Alifika juu, msaidizi wa maabara tayari ameshika kitasa cha dirisha.

"Umeniwahi," msaidizi akasema. "Jana ulifika nikiwa bado nakunywa chai."

Alhamisi ilikuwa mbaya zaidi. Watoto wa shule waliokuwa wakipanda kwa miguu walimpita, na mmoja wao, mchokozi, akageuka akamwuliza kama angependa kubebwa mgongoni. Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Taratibu naye alitabasamu, kwa sababu hakuna kingine cha kufanya mbele ya watoto.

Aliporudi zahanati na kisanduku kitupu, Sista alikipokea na kutazama saa ya ukutani.

"Leo umechelewa kurudi."

"Barabara ilikuwa na watu, Sista."

"Sawa," akasema, akageukia kazi yake. Taratibu angependelea agombezwe.

*

Mchana huo alikwenda kwa fundi. Fundi wake walimwita Spana, mtu mfupi mwenye tumbo la heshima, anayefanya kazi chini ya paa la mabati, redio ikiongea peke yake. Kwenye benchi walikaa waendesha pikipiki wawili wakisubiri pancha. Wote wawili walimjua Bosi Mdogo. Mmoja alikuwa bado anasimulia jinsi alivyomwona mwaka jana akimfungulia mzee mlango wa gari, kwa adabu kama kwenye harusi.

Spana aliwasha, akabana klachi, akaachia, akasikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Inateleza. Klachi haishiki." Akajifuta mikono. "Umeweka oili gani?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lilikuwa mdomoni. Lakini Taratibu aliwaona wale wawili kwenye benchi. Akaiona kesho kijiweni: Bosi Mdogo kamletea shemeji yake kopo la dhahabu, pikipiki ikaugua. Lingekuwa jina la utani kabla jua halijatua. Akamwona shemeji kwenye kiti chake kisichoyumba, mikono mfukoni, akitazama oili ikishuka.

"Ile ile ya siku zote," akasema.

"Una hakika?"

"Fundi, kwani mimi ni mtu wa mabadiliko?"

Benchi likacheka. Spana hakucheka sana. Alikuna kidevu, akaacha alama nyeusi.

"Basi kama ni ile ile, pleti za klachi zimekwisha. Tununue mpya. Hakuna njia nyingine."

Akataja bei. Taratibu akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda mahali ambapo hana mpango wa kufika.

Nyumbani, Mama Pacha alisikiliza habari ya pleti bila kusimamisha cherehani. Alipomaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Hela za viatu vya pacha zipo. Lakini hazitoshi. Ngoja nimpigie kaka, hawezi kukosa."

"Usimpigie."

"Kwa nini? Si ndiye aliyekuletea hata oili? Anaipenda pikipiki hiyo kuliko wewe."

"Nimesema usimpigie, Mama Pacha."

Hakuwahi kumkatiza hivyo. Mke akashona sehemu isiyohitaji kushonwa, akafumua. Taratibu angeweza kumweleza wakati ule. Lakini angeanzaje? Aseme kaka yako kaniharibia kazi? Tangu Jumatano alikuwa akijua, ile namna ya kujua ambayo mtu hajaipa ruhusa ya kuongea. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika kwenye pikipiki ile, na kilikuwa kimebaki dirishani, kikishika mikasi, kikimtazama.

Simu ikalia. Alikuwa Bosi Mdogo mwenyewe.

"Shemeji, vipi, inapaa?"

Mke alimtazama.

"Inapaa, shemeji," Taratibu akasema.

"Nilikuambia. Ukitaka lipo kopo jingine, nitakuletea."

Nyuma ya sauti yake hapakusikika gari wala redio ya gari. Ilisikika kengele ya muuza barafu na watoto waliomzunguka. Taratibu alilisikia hilo, akaliacha lipite. Alikuwa na uongo wake wa kutosha kuushughulikia.

*

Ijumaa pikipiki ilikataa kabisa. Ilipita kona ya kwanza kwa manung'uniko, na kabla ya kona ya pili injini ikalia kwa nguvu zake zote, gurudumu likasimama. Taratibu akashuka. Harufu ya kitu kinachoungua ilitoka chini ya kiti. Alikikagua kisanduku cha barafu, akakikaza kamba, akashika usukani na kuanza kusukuma.

Kilima kile ukiwa umepanda chombo huuoni urefu wake. Ukikisukuma ndipo unaujua. Jasho lilimwingia machoni. Abiria wake wa zamani alipita akiwa nyuma ya pikipiki nyingine, akampungia mkono. Watu wa madukani walitoka kutazama, kisha wakarudi ndani, na ile kurudi ndani ilimuuma kuliko kutazamwa.

Kwenye kona ya pili palikuwa na duka dogo la vinywaji lenye turubai la kivuli. Chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mwanaume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, gazeti mkononi. Gazeti lilikuwa la juzi. Taratibu alilitambua shati kabla ya uso. Alilijua vizuri, maana pasi iliyolinyoosha ilitiwa makaa uani kwake.

Wakatazamana. Bosi Mdogo alianza kulinyanyua gazeti kuficha uso, akaona hana haja, akalikunja. Halafu akakiona kisanduku. Akainuka, akaja mbio na viatu vyake visivyojua vumbi, akashika nyuma ya pikipiki.

"Dirisha linafungwa saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Basi sukuma."

Wakasukuma. Walipofika palipolala kidogo, Taratibu akauliza bila kugeuka, "Gari liko wapi?"

"Limeuzwa."

"Lini?"

"Kabla ya mvua. Mzee alihama. Akanishika mkono, akanipa makopo mawili ya oili yaliyokuwa stoo. Kwaheri ya miaka yangu yote."

Taratibu alihesabu miezi kichwani, kisha akaacha. Alikumbuka Jumapili zote zile, mifuko ile ya mashati.

"Na kila siku unakaa hapa?"

"Hapa hakuna anayenijua. Nilidhani. Sikujua kazi yako inapita njia hii. Nikishainua gazeti simwoni anayepita, wala yeye hanioni." Akavuta pumzi. "Na wewe, si ulisema inapaa?"

Bosi Mdogo akamwambia awashe, atie gia. Taratibu akafanya hivyo. Injini ikapiga kelele, pikipiki ikasogea kama mgonjwa. Yule mtu alikuwa ameshika usukani wa magari ya wengine nusu ya maisha yake. Hakuhitaji kuambiwa alichokuwa akisikia.

"Klachi inateleza hii. Tangu lini?"

"Jumatano."

"Umebadilisha nini?"

Sasa hapakuwa na benchi, hapakuwa na macho ya mke, hapakuwa na mahali pa kujificha. "Oili tu, shemeji," akasema kwa upole. "Nimebadilisha oili tu."

Bosi Mdogo alisimama. Mkono mmoja ulikuwa bado juu ya kiti, na kiganja kilikuwa cheusi. Shati lilikuwa na mstari wa grisi kuanzia kifuani hadi mkanda. Taratibu akaogopa kwamba angeiachia pikipiki. Na kama angeiachia, asingemlaumu.

"Sukuma," Bosi Mdogo akasema. "Tutalia tukifika."

Walikuta dirisha limefungwa. Msaidizi wa maabara alipofungua na kuona wanaume wawili waliolowa, mmoja amekumbatia kisanduku, alikichukua bila masihara. Akapima barafu kwa kidole. Sampuli zilikuwa bado baridi. Akazipokea, lakini akaandika saa, na saa ni saa.

*

Zahanati, Taratibu aliingia peke yake. Sista alikuwa ameshapigiwa simu.

"Niambie barabara ilikuwa na watu," akasema.

"Hapana, Sista. Nimeweka oili isiyo yake. Ni oili ya gari. Nilianza kuhisi Jumatano, nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa zawadi."

Sista aliweka kalamu chini. Alikuwa mwanamke aliyesikia visingizio vya kila rangi, na hiki kilimchukua muda kukipangia mahali.

"Ungeniambia Jumatano, ningemtuma mwingine siku mbili, wewe ukatengeneza chombo. Ningekuheshimu. Badala yake umepandisha damu za watu kilimani kwa kubahatisha, ili mtu mmoja asiumie moyo. Unaelewa nikisema hivyo?"

"Naelewa."

"Na huyo mtu, hakuumia?"

Taratibu alifikiria ule mstari wa grisi. "Ameumia, Sista. Tena zaidi."

Sista alitazama nje, ambako mama mmoja alikuwa akimbembeleza mtoto mwenye pamba mkononi. "Zile za leo zimepona. Una bahati, na mimi sipendi kuendesha zahanati kwa bahati. Jumatatu nina kikao hospitalini. Nitapanda nyuma yako, na kisanduku nitakibeba mimi. Tukifika juu tumekaa, kazi ni yako. Nikishushwa nisukume, tutaagana pale pale, na sitakuwa na kinyongo."

*

Jumamosi asubuhi Spana alikuja uani mwenyewe, na mfuko wa vifaa. Safari hii Taratibu alimweleza yote bila kuulizwa. Fundi alilitoa kopo dirishani, akatoa mikasi na rula, akasoma maandishi madogo.

"Mimi nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nikakuuliza tena una hakika. Ukachekesha watu. Ungeninunulisha pleti mpya, tukazizamisha humo humo, wiki ijayo ukarudi kuniita mwizi."

Bosi Mdogo alikuwa amechuchumaa kando, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye kiwiko. "Lakini ni oili nzuri, fundi. Niliitumia miaka, injini ya mzee haikuwahi kupiga chafya."

"Ni nzuri mno, ndiyo shida. Klachi ya gari lako ilikaa kando, pakavu. Ya pikipiki hii inaogelea humu humu ndani ya oili ya injini. Hii yako imetengenezwa iteleze kwa kila namna. Sasa pleti zinataka kushikana, wewe umezipaka losheni." Akaichukua chupa ya kijivu ambayo Mama Pacha alikuwa ameishusha kabatini, akaipangusa vumbi, akaonyesha herufi mbili nyuma: MA. "Hii alama ndiyo inayosema klachi inayoogelea kwenye oili itashika. Bei haisemi. Rangi ya kopo haisemi."

"Miaka yote hiyo naendesha," Bosi Mdogo akasema polepole, "sikuwahi kulijua hilo."

"Ungelijuaje? Wewe ulikuwa pakavu."

Walicheka, hata Taratibu. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa mashati ya Jumapili iliyopita, yote yamenyooshwa na kukunjwa. Jana jioni kaka yake alimweleza, akiwa amesimama, amekataa kiti. Yeye hakulia wala hakugombeza. Alikwenda kulala mapema akageukia ukuta.

"Kaka," akasema sasa. "Miezi yote hii nilikuwa nawasha makaa nakunyooshea mashati ya kwenda kukaa dukani?"

"Nilitaka unione vile vile."

"Mimi nilikuwa nakuonea huruma. Nasema maskini kaka, mzee anamchosha, amekonda." Akauweka mfuko chini. "Kumbe ulikuwa na njaa. Unakuja hapa Jumapili unamega kidogo, unasema umekula kwa bosi."

Bosi Mdogo alitazama mikono yake. Spana akajishughulisha na boliti iliyokuwa imeshalegea. Oili ya dhahabu ikaanza kushuka kwenye beseni, na haikuwa ya dhahabu tena. Ilikuwa imeungua, nyeusi, kama ya mtu mwingine yeyote.

"Mwenye lori la maji anatafuta dereva tangu mwezi uliopita," Taratibu akasema ghafla. "Nimembeba mara nyingi. Kila mara ananiuliza, humjui mtu?"

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Bosi Mdogo, ukaendeshe lori la maji? Ungenicheka mpaka Jumapili nyingine."

Kweli Bosi Mdogo angecheka. Angecheka akiwa na gazeti la juzi mkononi na tumbo tupu. Kote mtaani, pengine, watu walikuwa wamesikia habari za kazi na kuzipitisha juu ya kichwa chake, kwa heshima, kwa kuwa hakuna anayemtafutia kazi mtu mwenye kazi.

"Anapatikana wapi?" akauliza.

"Jumatatu asubuhi yuko kwenye kisima cha mjini. Vaa shati."

"Lipi?"

"Lenye grisi," Mama Pacha akasema. "Ataamini umewahi kufanya kazi."

Spana alizitoa pleti, akazitazama kwenye mwanga. Zilikuwa na ngozi inayong'aa, kama sakafu iliyopigwa nta. Akazisugua kwa msasa moja moja, na Bosi Mdogo akaomba amsaidie, akawa anasugua kwa uangalifu wa mtu anayeomba radhi. Wakasafisha ndani, wakamwaga, wakafunga. Mwisho Taratibu akafungua kile kifuniko chekundu na kumimina.

"Zitashika?" akauliza.

"Zikiwa hazijaungua sana," Spana akasema. "Mimi nimefanya changu. Kilima ndicho kitasema."

*

Jumatatu Sista alipanda nyuma, amevaa sare yake na kofia ngumu iliyomkaa vibaya, kisanduku mapajani. Alikuwa mzito kidogo kuliko alivyoonekana mezani. Kona ya kwanza ilipokaribia, alimgusa begani.

"Mbona umenyamaza?"

"Nasikiliza, Sista."

Alikuwa akisikiliza kwa mwili wote: kwa viganja, kwa magoti, kwa nyayo. Akarudisha gia. Injini ikaongeza sauti, na mwendo ukaja nyuma ya sauti hiyo, mara moja, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Wale watoto wa shule walikuwa wakipanda kwa miguu. Mchokozi wao alifungua mdomo, akamwona Sista aliyewahi kumchoma sindano, akaufumba.

Kwenye kona ya pili, Taratibu aligeuza kichwa kidogo. Turubai lilikuwepo. Muuza duka alikuwa akifagia. Kiti cha plastiki kilikuwa kimewekwa juu ya meza, miguu juu, na hakuna aliyekikalia.

"Kuna nini hapo?" Sista akauliza.

"Hakuna mtu," akasema, na akaongeza moto.